Nani Alimsahihisha Nani: Filamu za Katuni na Watazamaji wa Kivu

Katika miaka ya 1950, Bukavu, mji wa Kivu, ilikuwa mojawapo ya vituo vitatu vya filamu vya wamisionari Wakatoliki katika Kongo ya Wabelgiji. Léopoldville palikuwa na Edisco-Films ya Abbé Cornil, Luluabourg palikuwa na Luluafilm ya Padri Van Haelst, na Bukavu palikuwa na Africa Films ya Padri De Vloo. Miaka hiyohiyo Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni za Mboloko, paa mdogo wa ngano zetu. Watu hawa walikuwa mapadri kwanza, watengeneza filamu baadaye, na anayejifunza kumtembeza mhusika wa kuchorwa hawezi kuendelea bila mtu wa kumwonyesha hatua ilipovunjika. Watazamaji walikuwapo, tena kwa mamia. Ila utawala wa kikoloni uliipindua kazi yao: aliyepaswa kuisahihisha picha akageuzwa yeye kuwa mtahiniwa.

Mwanzo wa jambo hili uko nje ya Kongo. Kati ya 1935 na 1937, watengeneza filamu Notcutt na Latham, wakiwa na makao yao Vugiri katika milima ya Usambara, walitengeneza filamu zipatazo 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya na Uganda, huku wakiandika jinsi watu walivyozipokea. Baadaye William Sellers, katika kitengo cha filamu cha makoloni ya Uingereza, alisisitiza kwamba Mwafrika apewe picha za mwendo wa polepole zisizo na ujanja wa kamera. Upande wa Wabelgiji, mwandishi wa masuala ya sinema Van Bever aliandika mwaka 1952 kwamba Waafrika walio wengi hawajakomaa kwa sinema. Watu wakicheka mahali pasipotarajiwa, lawama ilikwenda kwenye akili zao. Filamu yenyewe haikulaumiwa. Nao mtindo huo uliwadhuru hata watengenezaji, maana asiyekosolewa hakui.

Mtu atasema: lakini si waliuliza? Ndiyo, na kazi ya Vugiri inastahili heshima kwa hilo, maana wengi waliofuata hawakujisumbua hata kidogo. Hata hivyo, kumuuliza mtu kama ameelewa si kumuuliza kama kazi ni nzuri. Mgeuko wa kweli tunauona kwa Jean-Michel Kibushi, Mkongo aliyeanzisha Studio Malembe Maa mwaka 1988. Filamu yake ya 1992 kuhusu uporaji uliotokea Kinshasa Septemba 1991 ilijengwa juu ya michoro ya watoto. Hapo mtazamaji ameingia ndani ya kazi kabla haijakamilika, na neno lake lina nguvu ya kubadilisha mstari.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: uhuishaji ni ufundi, una hesabu ya picha kwa sekunde, na asiyeujua atasema tu “imenipendeza” au “haijanipendeza”. Ni kweli kwamba mtazamaji wa kawaida hatamwambia mwanagenzi aongeze picha ngapi kati ya mkao na mkao. Lakini kosa kubwa la wanaoanza huwa ni uzito: mhusika anaelea, miguu inateleza, mzigo unabebwa kama karatasi. Na Bukavu ni mji wa miteremko. Mama anayepandisha gunia mtaani Kadutu kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso anajua kiuno kinainama kiasi gani, goti linakunjwa lini, na pumzi inakatika wapi. Akiiona katuni ya mbebaji aliyenyooka wima, atasema papo hapo kwamba huyo hajabeba kitu. Hilo ni sahihisho kamili la ufundi, na mwalimu akiwapo atalitafsiri kwa hesabu ya picha. Wazee wa Kadutu na Bagira walioketi mbele ya skrini za wamisionari walikuwa na ujuzi huohuo mwilini mwao. Ulikuwa wa kutumika tangu wakati ule, kama kuna aliyeutaka.