Deki za Video na Mafundi Wanaozirudishia Uhai

Mwishoni mwa 1971, wahandisi wawili wa kampuni ya JVC mjini Yokohama, Japani, waliandika masharti kumi na mawili. Shizuo Takano alikuwa akiongoza kitengo cha video. Yuma Shiraishi alikuwa mhandisi mwenzake katika kazi hiyo. Walitaka kujua mashine ya kurekodi televisheni nyumbani iweje hata mtu wa kawaida aone haja ya kuinunua. Iungike na televisheni yoyote. Irekodi si chini ya saa mbili. Kanda iliyorekodiwa kwenye mashine moja ichezeke kwenye nyingine. Bei yake na gharama ya kuitumia zisimuumize mwenye nyumba. Na katika yale yaliyomhusu mwenye kiwanda, waliweka sharti ambalo wasimulizi wa historia ya VHS, mfumo wa kanda uliotokana na masharti hayo, hulipita haraka: vipuri viingiliane, na mashine ikiharibika fundi asipate taabu kuitengeneza.

Ushindi wa VHS dhidi ya Betamax, mfumo wa Sony, umesimuliwa sana, na karibu kila mara husimuliwa kama habari ya biashara. Mimi naona urithi mkubwa zaidi wa karatasi ile uko kwenye meza za mafundi. Leo deki mpya za VHS hazitoki tena kiwandani, na bado zile zilizoundwa Japani miaka ya 1970 na 1980 zinafunguliwa, zinasafishwa na kucheza. Zingeundwa kama vifaa vingi vya siku hizi, vilivyogandishwa kwa gundi ili visifunguliwe, sehemu kubwa ya picha zilizomo kwenye kanda za majumbani zisingeonekana tena.

Tatizo la kurekodi picha tangu awali lilikuwa kasi. Sauti hutosheka na utepe unaopita polepole mbele ya hedi iliyotulia (hedi ni sehemu inayoandika na kusoma utepe), lakini picha ya televisheni ina taarifa nyingi mno. Shirika la BBC la Uingereza lilijaribu kuukimbiza utepe wenyewe: mashine yake iliyoitwa VERA, iliyoonyeshwa hewani 1958, iliupitisha utepe mita 5 kwa sekunde, na gurudumu lenye kipenyo cha karibu nusu mita lilitosha dakika 15 tu. Wakati huo Wamarekani walikuwa wameshapata jibu bora. Tarehe 14 Aprili 1956, mjini Chicago, kampuni ya Ampex ilionyesha mashine iliyoundwa na timu ya Charles Ginsburg, akiwemo kijana Ray Dolby ambaye baadaye jina lake lilienea duniani kwa mambo ya sauti. Wazo lao lilikuwa kinyume: utepe uende taratibu, hedi ndizo zizunguke mbio. Bei ilikuwa kama dola 50,000, kwa hiyo wateja walikuwa vituo vya televisheni tu. Karibu deki zote za nyumbani zilizokuja baadaye zimelirithi wazo hilo la hedi zinazozunguka, na maradhi yake mengi yanaanzia hapo.

Kulifikisha wazo hilo sebuleni kulichukua miaka 20. Biashara ya video ya JVC ilipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 1970, mradi wa Takano na Shiraishi ulikatiwa fedha, nao wakauendeleza kimya kimya na watu wachache. Sony ilitangulia sokoni na Betamax mwezi Mei 1975. Deki ya kwanza ya VHS, JVC HR-3300, ilitangazwa Septemba 1976 na kuanza kuuzwa Japani mwishoni mwa Oktoba: uzito kilo 13.5, bei yeni 256,000, kanda ikiingizwa kwa juu na vitufe vikubwa vikihitaji nguvu ya kidole. Betamax ya mwanzo ilirekodi saa moja, VHS saa mbili, na filamu nzima ikaenea kwenye kanda moja. JVC ilizifungulia mlango kampuni nyingine, Hitachi, Sharp, Mitsubishi na Matsushita zikaingia, na mwaka 1988 Sony yenyewe ikaanza kuuza deki za VHS.

Ili kuelewa kazi ya fundi, ni lazima kujua kinachotokea kanda inapozama ndani. Nguzo mbili zinauvuta utepe nje ya kasha lake na kuuzungushia kwenye ngoma ya chuma yenye kipenyo cha milimita 62, iliyowekwa kimshazari. Utepe, wenye upana wa milimita 12.7, unatembea sentimita 2.3 tu kwa sekunde. Ngoma nayo inazunguka mara 1,500 kwa dakika katika mfumo wa PAL tulioutumia Afrika Mashariki, na hedi mbili zilizo kwenye ukingo wake zinaandika mistari ya mshazari, mmoja baada ya mwingine. Kila mstari una upana wa maikroni 49, mwembamba kuliko unywele, na umebeba nusu ya picha moja. Mwanya ulio kwenye ncha ya hedi haufiki nusu ya maikroni. Chembe ya uchafu ikiziba hapo, kwenye kioo zinabaki chenga tupu.

Huku kwetu deki iliingia kwa namna yake. Kenya na Uganda zilikuwa na vituo vya televisheni tangu miaka ya mwanzo ya 1960, na Zanzibar ikawa na televisheni ya rangi miaka ya mwanzo ya 1970. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi 1994. Kwa miaka mingi, familia ya Dodoma au Mbeya iliyomiliki televisheni iliimiliki kwa sababu ya deki. Nyingi zilitoka Dubai, Muscat na miji mingine ya Ghuba, zikiletwa na ndugu au wafanyabiashara. Pamoja nazo zikaja filamu za Kihindi na za ngumi za Hong Kong, na vibanda vya video vikajaa watoto. Kisha watu wakaanza kujirekodi wenyewe: harusi, taarabu, mihadhara ya dini, mikutano ya injili, mahafali, mazishi. Filamu ya Kihindi unaweza kuitafuta ukaipata kwingine. Kanda ya harusi ya 1989, ambamo bibi marehemu anaimba akiwa na nguvu zake, mara nyingi ni hiyo moja tu, haina nakala.

Wenye ndugu Marekani na Kanada wanajua pia adha ya mifumo. Kanda ya NTSC, mfumo wa nchi hizo, ukiitia kwenye deki ya PAL pekee hutoa picha inayoruka, isiyo na rangi. Deki za mifumo mingi, zilizouzwa sana Ghuba, ndizo zilizoondoa adha hiyo, na mtu mwenye boksi la kanda kutoka pande zote mbili afanye juhudi kuipata moja ya hizo kabla ya kuhangaika na kitu kingine.

Deki iliyokaa kabatini miaka ishirini haitiwi kanda ya thamani siku ya kwanza. Fundi mzuri huifungua kwanza, na kinachokuwa kimekufa mbele ya vingine ni mpira. Katikati ya sahani mbili zinazozungusha kanda kuna gurudumu dogo lenye pete ya mpira. Kazi yake ni kuigusa sahani na kuizungusha, ili utepe unaotoka kwenye ngoma ukusanywe. Mpira ukikauka na kung'aa, gurudumu linateleza. Utepe unaendelea kusukumwa lakini haukusanywi, unajilundika tumboni mwa deki, na mwenyewe akibonyeza kitufe cha kutoa kanda anatoka nayo ikiwa imekunjamana. Deki nyingi zinazolaumiwa kwa kutafuna kanda zina ugonjwa huu, ambao kipuri chake hakizidi ukubwa wa sarafu. Mafundi husugua mpira kwa msasa laini, au huuvua na kuupindua ndani uwe nje ili upande usiochakaa ufanye kazi, au huvisha pete ya mpira ya mafundi bomba yenye kipenyo kinachokaribiana. Dawa ya msasa na ya kupindua ni ya muda, na fundi mkweli humwambia mteja hivyo.

Belti zina kifo cha aina mbili. Nyingine hulegea tu. Nyingine huyeyuka zikawa uji mweusi unaonata kwenye kapi na kwenye vidole, na hapo inatakiwa subira ya kufuta kwa spiriti mpaka kapi litakate, maana ukibakisha hata kidogo belti mpya itateleza. Grisi ya kiwandani hukauka na kuganda, kanda ikakwama ikiwa nusu ndani. Kuna pia swichi ndogo inayoifahamisha deki mitambo imefika hatua gani. Ikishika uchafu, deki huwaka, hujaribu mara moja, kisha hujizima, na wengi huitupa wakidhani saketi imeungua. Deki za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 zimeongeza tatizo la kapasita ndogo zilizobandikwa juu ya saketi, zinazovuja maji yanayokula shaba. Panasonic AG-1980, deki ya S-VHS (VHS iliyoboreshwa) inayopendwa na watunza kumbukumbu kwa utulivu wa picha yake, inasifika vibaya kwa jambo hilo, na kuiponya ni kubadilisha kapasita nyingi, moja moja, kwa mkono usiotetemeka.

Halafu kuna kusafisha hedi, kazi iliyoua deki nyingi kuliko uzee. Watu huchukua pamba ya masikioni, wakaichovya kwenye spiriti na kusugua juu na chini. Ncha ya hedi ni feraiti, kitu kigumu lakini chepesi kuvunjika, na nyuzi za pamba huinasa na kuing'oa. Njia sahihi ni kipande cha ngozi laini isiyotoa nyuzi, kilichoroweshwa kwa spiriti safi isiyo na maji mengi. Kinashikwa bila kusukasuka ubavuni mwa ngoma, kwa kuigusa tu, kisha ngoma ndiyo inayozungushwa taratibu kwa mkono mwingine. Ngozi ikitoka na doa la kahawia, hedi imeanza kupumua. Spiriti iachwe ikauke kabisa kabla ya kanda kuingia, la sivyo utepe utaganda kwenye ngoma.

Kwenye nguzo zinazoongoza utepe ndipo fundi anapojulikana. Zina vijiskurubu vya kuzipandisha na kuzishusha, na robo ya mzunguko inatosha kuuhamisha utepe usiwe mahali pake. Kiwandani zilipangwa kwa kanda maalumu ya vipimo na osiloskopu. Mtu akizigusa kwa bisibisi kwa kubahatisha, deki itacheza vizuri kanda itakazorekodi yenyewe baada ya hapo, huku kanda za watu wengine zikitoa mstari wa chenga usioondoka. Vilevile kuna kanda zilizorekodiwa zamani kwenye deki iliyokuwa imepinda, na kwa deki iliyonyooka hazionekani sawasawa. Fundi anayeokoa kanda ya namna hiyo huipinda deki yake kwa makusudi, akifuata upotovu wa mashine ambayo hakuwahi kuiona, anainakili kanda, kisha anarudisha kila skurubu ilipokuwa. Sijaona ufundi wa nyumbani unaonistaajabisha kuliko huo.

Kwa uchaguzi wa deki ya kufufua, ushauri wangu ni kutazama uzito. Zile za miaka ya 1980 zina fremu ya chuma na gia zinazoweza kutolewa. Nyingi za miaka ya mwisho ni nyepesi, gia zake ni plastiki inayopasuka, na zilitengenezwa kwa bei ambayo hairuhusu mtu kulipia matengenezo.

Sisi tunaoishi pwani tuna adui wa ziada, unyevu. Kabla ya kutia kanda, itazame kwenye kidirisha chake ukielekeza tochi. Ukiona unga mweupe juu ya utepe uliozungushwa, huo ni ukungu. Kanda hiyo ikichezwa itachafua hedi, na deki itaupeleka ukungu kwenye kanda zinazofuata. Hutengwa, hukaushwa mahali pasipo jua kali, na husafishwa kwanza.

JVC yenyewe iliacha kuunda deki za VHS zinazojitegemea mwaka 2008. Iliyobaki ya mwisho ilikuwa Funai, kampuni ya mkoa wa Osaka iliyoanza kuziunda 1983 na ambayo katika miaka yake ya neema iliuza hadi deki milioni 15 kwa mwaka. Mwaka 2015 iliuza 750,000, na Julai 2016 ikafunga kazi, ikisema vipuri vimekuwa vigumu kupatikana. Miaka mitatu baadaye UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, ilitoa tahadhari kwamba kuzicheza kanda za sumaku kutakuwa jambo gumu kufikia karibu 2025. Hofu kubwa ya tahadhari hiyo ilikuwa mashine za kuchezea, kwamba zitakwisha wakati utepe wenyewe bado una picha.

Ukubwa wa kinachongoja mashine hizo unaonekana Philadelphia, Marekani, ambako Marion Stokes, aliyewahi kufanya kazi ya maktaba, alirekodi taarifa za habari usiku na mchana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi kifo chake mwaka 2012. Aliacha kanda takriban 70,000, za VHS na Betamax, ambazo baadaye zilikabidhiwa kwa hifadhi ya mtandaoni ya Internet Archive. Vipindi vingi vya namna hiyo vituo vyenyewe havikuvihifadhi. Kila saa ya kanda hizo inahitaji saa nzima ya hedi kusugua utepe, na hedi huchakaa.

Kati ya vipuri vyote, hedi ndiyo isiyo na mbadala wa mtaani. Belti hukatwa, pete ya mpira huazimwa kwa mafundi bomba, kapasita zinauzwa kila mahali, na gia iliyovunjika siku hizi huweza kuchapishwa upya kwa plastiki. Ngoma yenye hedi nzima hutoka kwenye deki nyingine ya aina ileile, basi. Kwa hiyo deki iliyopigwa na umeme, isiyowaka kabisa, isiende jalalani wala kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ipelekwe kwa fundi hata bure, ikiwa na kifuniko chake na skurubu zake zote.