Akiba Iozayo: Picha za Magomeni na Makazi Yake

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa fedha na kwa elimu huenda msemo huo ukasimama. Kwa picha hausimami. Picha huota ukungu, hupauka, hulowa, au hufia ndani ya chombo kisichowaka tena. Historia ya upigaji picha katika Pwani ya Afrika Mashariki aghalabu huelezwa kwa majina ya waliopiga na waliopigwa. Ipo historia nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni ya mahali picha zilipolazwa baada ya kupigwa. Mtaa wa Magomeni, jijini Dar es Salaam, unaifunua vyema historia hiyo, ingawa chimbuko lake liko ng'ambo ya bahari, Unguja.

Katika karne ya 19 A. C. Gomes alifungua studio Zanzibar, na picha za zama hizo zilinaswa juu ya vioo. Kioo kilidumu maadamu hakikuanguka. Kikianguka, hakikubaki kitu ila zile karatasi zilizokwisha kuchapwa. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na baadaye mwanawe Rohit akairithi. Zama hizo filamu nyepesi ilikuwa ikishika nafasi ya kioo, na desturi ya studio ilikwisha komaa: negativu hubaki dukani, picha huenda nyumbani kwa mteja. Desturi hiyo haikupewa jina, lakini ilikuwa mpango madhubuti wa hifadhi. Nyumba ikiungua, studio ilikuwa na mbegu. Studio ikifungwa, nyumba ilikuwa na tunda.

Desturi hiyohiyo ilitawala Dar es Salaam. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilipanua makazi ya Waafrika, na Magomeni ikakua ng'ambo ya bonde la Msimbazi, mkabala na Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps. Magomeni ndipo alipoishi Julius Nyerere kabla ya uhuru, katika nyumba ambayo sasa ni makumbusho. Katika nyumba za jirani zake wasiojulikana, picha iliishi ukutani sebuleni, katika albamu kabatini, au katika sanduku chini ya kitanda. Nakala moja ilitiwa ndani ya barua na kupelekwa Tanga au Unguja. Na baada ya 1964, wengi walipohamia Oman na nchi za Ghuba, ilifika hadi Maskati. Hivyo arusi moja ilihifadhiwa katika miji mitatu, bila yeyote kudhani kuwa anahifadhi historia.

Thamani ya masanduku hayo si ya kifamilia tu. Mohamed Said alipoandika maisha ya Abdulwahid Sykes, kitabu kilichochapishwa mwaka 1998, alitegemea pia nyaraka zilizotunzwa na familia hiyo. Sehemu ya historia ya TANU ilikuwa imelala majumbani ilhali watafiti waliisaka maofisini. Wala ofisi na majengo makubwa hayana kinga: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa makumbusho, iliporomoka.

Maadui wa sanduku wanajulikana. Joto na unyevu wa pwani huzaa ukungu juu ya gelatini inayobeba taswira. Filamu za asetati huoza polepole zikitoa harufu kali ya siki, na harufu hiyo ikishasikika uharibifu umekwisha anza. Picha za rangi hupauka, hasa zikitundikwa penye jua. Kisha yapo maji. Mnamo Desemba 2011 mvua kubwa zilileta mafuriko yaliyoua watu wasiopungua 40 jijini Dar es Salaam, na mitaa ya bonde la Msimbazi iliumia zaidi. Albamu iliyolowa ikiachwa ikauke yenyewe, kurasa zake hugandana. Ikifunguliwa mapema na picha kuanikwa kivulini moja moja, nyingi huokoka. Lakini ni nani, siku ya gharika, atakayekumbuka albamu kabla ya mtoto na godoro?

Ndipo zikaja kamera za dijitali. Diski ya kwanza ya kompyuta, iliyotengenezwa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na ukubwa wa kabati na ilibeba herufi zipatazo milioni 5 tu, kiasi ambacho leo hakitoshi picha moja ya kamera nzuri. Sasa memori kadi ndogo kuliko ukucha hubeba maelfu ya picha. Wingi huo umeficha hasara moja: negativu imetoweka, na pamoja nayo yametoweka makazi ya pili. Mpiga picha wa arusi humkabidhi bibi arusi flashi, kisha huifuta kadi ili aitumie Jumamosi inayofuata. Jukumu la hifadhi limehama kutoka studio kwenda kwa familia, na familia haikuarifiwa.

Kariakoo, ambako vifaa halisi na bandia huuzwa mlango kwa mlango, hasara hiyo huongezeka. Kadi bandia huidanganya kamera kuwa ina nafasi kubwa kuliko iliyo nayo. Hupokea kila picha bila kulalamika. Ikishajaa, hufuta za mwanzo au huacha majina ya mafaili yasiyo na kitu ndani. Dawa yake ni kuijaza kadi mpya yote kabla ya kazi, kisha kufungua kila kilichomo. Arusi hairudiwi, na kadi isiyojaribiwa haistahili kuaminiwa nayo.

Kwamba hifadhi iliyopangwa huweza kumzidi mtu umri, ushahidi upo. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam, alianzisha Camerapix jijini humo mwaka 1963, kisha akaendeleza kazi yake Nairobi. Alifariki katika ajali ya ndege iliyotekwa, karibu na Komoro, tarehe 23 Novemba 1996. Hazina yake ya picha ilibaki, ikaorodheshwa, na maelfu ya picha hizo yakatiwa katika intaneti.

Katika miaka ya 2000 mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni fupi kwa wenzake: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati ya hizo ikae mahali pengine. Kanuni hiyo ni ileile desturi ya negativu, sanduku na barua ya Maskati. Wingu la intaneti linaweza kuwa hayo makazi ya mbali, lakini lisiwe ya pekee: tarehe 12 Mei 2024 hitilafu za nyaya za baharini zilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Kwa mpiga picha wa Magomeni, kanuni inatekelezeka kwa gharama ya wastani: diski moja studio, ya pili kwa ndugu anayeishi mbali na bonde, nakala nyingine katika wingu, na picha chache bora zichapwe karatasini. Diski zifunguliwe kila mwaka na zibadilishwe kabla hazijafa, kwa kuwa hufa bila kuaga.

Limebaki moja ambalo diski haiwezi kulitenda. Nyuma ya picha za kale mtu aliandika kwa kalamu jina, mahali na mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na picha elfu 10 zilizo salama katika diski 3, zisizo na majina, baada ya vizazi viwili zitakuwa picha za wageni.