Watu wa MIB: nani aliwaleta Masisi, na kwa nini karatasi zao zinabishaniwa mpaka leo

Siasa ikipanda moto, katika mitaa ya Mabanga kuna maneno yanayorudi kila mara: "Ule si wa hapa, alikuja tu." Lakini alikuja lini, na nani alimuleta? Hilo watu hawaliulizi sana. Kwa familia nyingi za Masisi zinazosema Kinyarwanda, jibu liko ndani ya herufi tatu: MIB. Ni kifupi cha jina la Kifaransa, Mission d'Immigration des Banyarwanda, yaani kazi ya serikali ya Wabeleji ya kuhamisha watu kutoka Rwanda na kuwapanga huku Kivu.

Rwanda ni nchi ndogo. Ina kilometa za mraba 26,338, ambazo hazifiki hata nusu ya jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta wakaaji zaidi ya milioni 13. Hata zamani za ukoloni, wakiwa wachache zaidi, mashamba ya milimani hayakutosha. Njaa zilipiga kiasi kwamba watu walizipa majina, kama mtu anavyomupa mtoto jina. Rumanura ilikuja wakati wa vita vya kwanza vya dunia na kuumiza sana upande wa Gisenyi. Rwakayihura ilipiga mwaka 1928 na 1929. Ruzagayura ilikuwa ya 1943 na 1944. Juu ya njaa kulikuwa kodi na kazi za lazima. Kwa hiyo wengi walivuka wenyewe, wengine kwenda Uganda, wengine kuja Congo, bila kungojea muzungu yeyote awaandike.

Na si kila anayesema Kinyarwanda upande huu alivuka mpaka. Wengine, mpaka ndio uliwavuka. Mjerumani von Götzen alipofika huku mwaka 1894 na kupanda Nyiragongo, hapakuwa barieri kati ya Goma na Gisenyi. Mpaka huo ulipatanwa na wazungu kule Brussels mwaka 1910, kati ya Wabeleji, Wajerumani na Waingereza. Watu wa Bwisha na Jomba, katika teritware ya Rutshuru, walikuwa tayari kwenye mashamba yao. Mutu analala, anaamuka yuko Congo.

MIB ni mambo mengine. Ilianza mwaka 1937, na Wabeleji walikuwa na shabaha mbili kwa pamoja. Walitaka kupunguza watu kule Rwanda, nchi waliyopewa kuisimamia baada ya Wajerumani kushindwa vitani. Tena walitaka mikono ya kazi. Tangu 1928 kulikuwa chama kilichoitwa Comité National du Kivu, kilichogawia walowezi mashamba makubwa, na mashamba hayo ya kahawa, chai na pareto hayakujilima yenyewe. Mtu akisema leo kwamba Wabeleji waliwahurumia wenye njaa, anasema sehemu tu ya ukweli.

Walichagua milima ya Masisi kwa sababu ni baridi, yenye majani mazuri kwa ng'ombe, na machoni pao ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Wahunde walikuwa na desturi yao: shamba linapumzishwa miaka, pori ni la kuwinda, na ardhi iko mikononi mwa mwami anayegawia watu. Shamba lililopumzishwa halina nyumba, lakini lina mwenyewe.

Kule Gishari serikali ikaanzisha sheferi mpya kwa ajili ya wahamiaji, na chifu wake alikuwa Munyarwanda. Hapo ndipo ugomvi ulipata sura ya siasa, maana wageni hawakuwekwa chini ya wenye ardhi, walipewa utawala wao wenyewe juu ya ardhi ya wengine. Mwaka 1957 Wabeleji walivunja sheferi hiyo, lakini watu walibaki palepale, sasa bila chifu wao na bila haki iliyo wazi juu ya mashamba waliyolima miaka 20. Kazi ya MIB ilikuwa imesimama mwaka 1955. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu karibu 85,000, Wahutu na Watutsi.

Baada yao walikuja wengine, ambao si watu wa MIB. Kuanzia 1959 Watutsi walikimbia mauaji kule Rwanda, na wengine wao walipangwa kwenye kambi za Bibwe na Ihula. Julai 1994 karibu milioni moja ya watu, wengi wao Wahutu, walimiminika Goma kwa siku chache. Kolera ikaua maelfu kwa maelfu, na makaburi yalishindikana kuchimbwa sababu chini ni mawe ya volkano. Kambi za Mugunga, Kibumba na Katale zilivunjwa 1996. Kuchanganya bibi aliyeletwa na lori la Wabeleji mwaka 1938 na mtu aliyevuka 1994 ni kosa la historia, na hapa kwetu kosa hilo limeuza watu.

Sheria nazo hazikusaidia. Mwaka 1960 watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokaa Congo miaka 10 waliruhusiwa kupiga kura. Katiba ya 1964 ikaja na tarehe yake: babu yako awe wa kabila lililokuwa Congo kabla ya 18 Oktoba 1908. Watu wote wa MIB wakawa inje. Mwaka 1972, wakati Bisengimana, aliyekuwa mwenye asili hiyo mwenyewe, anaongoza ofisi ya Mobutu, sheria ikawapa uraia waliokuwa Kivu kabla ya 1 Januari 1950. Walioletwa kati ya 1950 na 1955, na serikali ileile, hawakuingia. Mwaka 1981 Mobutu akafuta yote na kurudisha saa nyuma mpaka 1 Agosti 1885, siku ambayo hata mpaka wa Kivu haukuwa bado.

Kwa hiyo ndani ya familia moja, baba alikuwa Mzaire mwaka 1975, na mwaka 1982 si Mzaire tena, bila kutoka nyumbani. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaingia Masisi, na maelfu ya watu wa kila upande walikufa au kukimbia.

Sheria inayotumika leo ni ya 12 Novemba 2004. Inasema ni Mkongomani wa asili kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa ndani ya Congo siku ya uhuru, 30 Juni 1960. Inakataza pia uraia wa nchi mbili. Lakini hesabu ya mwisho ya watu wote wa Congo ilifanywa mwaka 1984, na kwa miaka mingi wengi wameonyesha kadi ya uchaguzi tu kama kitambulisho. Karatasi yenyewe ya kushuhudia uraia inatolewa na waziri wa sheria, Kinshasa.