Mkono uliovimba miaka mingi: doa la zambarau usilipuuze

Juzi nilikuwa nyumbani Unyambwa, Singida, nikamkuta mama mkubwa na doa la zambarau kwenye mkono wake. Mkono wenyewe umevimba miaka mingi, tangu alipotolewa titi kwa ajili ya kansa. Akaniambia, "Mwanangu, nilijigonga tu na jembe." Sasa kujigonga gani kusikopona miezi mitatu? Nikaingia kafe kusaka, na haya ndiyo niliyoyapata.

Ni nini?
Inaitwa angiosakoma, kansa ya mishipa ya damu au ya limfu. Mwaka 1948 madaktari wawili wa New York, Fred Stewart na Norman Treves, walieleza wagonjwa 6 walioipata kwenye mikono iliyovimba baada ya kutolewa titi. Mpaka leo ina majina yao. Ni adimu sana, kwa hiyo msitishike ovyo.

Inakujaje?
Tezi za kwapani zikitolewa au kuchomwa mionzi, maji ya limfu yanakosa njia, yanatuama. Kinga ya sehemu ile inadhoofika, na kansa inapata mwanya. Mara nyingi huchukua kama miaka 10. Hata mguu wa matende unaweza kuipata, ila ni mara chache mno.

Dalili
Doa kama la kuvilia damu lisiloisha, vinundu vyekundu au vyeusi, kidonda kinachotoa damu. Huwahi kusambaa mpaka mapafuni, ndo maana kuchelewa ni hatari.

Msichanganye
Huku kwetu Afrika Mashariki kansa ya Kaposi ndiyo inayoonekana zaidi, na madoa yake yanafanana na haya. Tena yenyewe inaweza kuvimbisha mguu. Kwa macho huwezi kujua: lazima kikatwe kipande kidogo cha nyama, kikapimwe maabara.

Tiba
Upasuaji mpana, wakati mwingine kukata kiungo, pamoja na dawa za kansa au mionzi. Mionzi ipo Ocean Road, Dar, na Bugando, Mwanza.

Mwenye uvimbe wa muda mrefu aoshe kwa sabuni kila siku, akaushe vizuri, anyanyue kiungo akipumzika, na aikague ngozi.

Mama mkubwa alikataa siku mbili, ya tatu akakubali. Kipande kimeshakatwa, tunasubiri majibu. Nawe ukimaliza kusoma, mpigie bibi au shangazi mwenye uvimbe, muulize ngozi yake ikoje. Maoni ruksa hapo chini.