Maji Tunayaona, Kuogelea Hatujui



Katika kijitabu hiki cha miaka 10 mtasoma habari za hisa, mikopo na ada za shule. Mimi nimepewa ukurasa wa historia, na nimeamua kuzungumzia kuogelea. Msicheke jamani. Ukitoka huku Kibeta ukateremka mjini, ziwa liko mbele yako. Hata hivyo akina mama wengi tuliokulia kando ya ziwa hili hatujui kuogelea. Wavulana walijifunza kwa kuibia. Msichana alitumwa maji akaambiwa arudi upesi.

Tarehe 21 Mei 1996 hatuhitaji kukumbushwa. MV Bukoba, iliyotoka hapa kwetu kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa karibu kufika Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, lakini walikuwemo wengi zaidi, na mamia walipoteza maisha. Tusidanganyane kwamba kuogelea kungewaokoa wote, maana wengi walinaswa ndani. Nyumbani kwetu, baada ya msiba ule, amri ilikuwa moja: mtoto asisogelee ziwa. Hofu ile ilikuwa ya haki, lakini hofu haimfundishi mtu kuelea.

Halafu ikaja tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoangukia ziwani karibu na uwanja wetu. Watu 19 walifariki na 24 wakaokoka. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Hawakutumwa na mtu wala hawakulipwa. Walikwenda kwa sababu maji wanayajua.

Sasa basi, wenzetu wamefanyaje? Kule Nungwi, Unguja, katika miaka ya 2010, mradi uitwao Panje ulianza kuwafundisha wasichana na akina mama kuogelea. Bwawa hawakuwa nalo, wakatumia bahari. Walishika madumu ya plastiki ili waelee, wakavaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, ili mila na dini ziheshimiwe na wazazi waridhike. Aliyejifunza alimfundisha mwenzake. Kumbe walimu walitoka humo humo kijijini!

Wengine walianza na michango. Katika mji wa Yeadon, jirani na Philadelphia huko Marekani, familia za watu weusi zilikataliwa uanachama wa bwawa la mtaani kwa sababu ya rangi yao. Hawakukaa kulia. Walikusanyana, wakachanga, wakapata kiwanja na kuchimba bwawa lao, Nile Swim Club, lililofunguliwa Julai 1959. Historia yake haikuwa ya raha tu. Baada ya miaka 50 na zaidi lilielemewa na madeni ya kodi, nusura lipigwe mnada. Wanachama na majirani wakachangishana tena, likapona. Siku hizi linatoa masomo ya bure kwa watoto, kwa nia kwamba asizame hata mtoto mmoja wa mji ule.

Hapo ndipo penye funzo letu. Kuchimba ni kazi ya siku chache. Mchanga na mawe tunaweza kubeba kichwani, na hilo akina mama wa Kagera tumelifanya mara nyingi kwenye ujenzi wa madarasa. Lakini bwawa likishajengwa linakula fedha kila wiki: maji, dawa ya klorini, umeme wa pampu, posho ya mlinzi wa kuangalia watoto. Lisipotunzwa linageuka dimbwi la mbu. Kujitolea bila mfuko ni nusu ya kazi, na kuweka akiba ndiyo kazi tuliyoizoea kwa miaka 10.

Sisemi tuanze na saruji kesho. Tuanze na mfuko mdogo wa kununua maboya na kumlipa mwalimu mwanamke, tukichagua mahali pa kina kifupi, na kuuliza wataalamu wa afya kwanza kuhusu kichocho. Watoto wetu wajifunze, nasi tujifunze pamoja nao. Bwawa litafuata, tukijaliwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Nadhani hata bwawa linaweza kujaa hivyo hivyo. Hoja hii naiomba iingie kwenye mkutano wetu ujao.