Mbuga si ya tembo tu

Ukitaja mbuga leo, msikilizaji anawaza Serengeti. Mkulima wa Dodoma ana mbuga nyingine: bonde tambarare la udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Maana hiyo ndiyo aliyoichukua Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanga, miaka ya 1930, na neno likaingia katika maandishi ya sayansi ya Kiingereza jinsi lilivyo.

Wengi huamini udongo wa mfinyanzi haupitishi maji. Ukishalowa, ni kweli: huvimba na kuziba. Ukiwa mkavu, nyufa zake humeza mvua kubwa ya mwanzo kabla hazijafunga. Hapo ndipo wanaokadiria maji yanayoongezeka chini ya ardhi hupata taabu. Njia moja iliyozoeleka hulinganisha kloridi iliyomo kwenye mvua na ile iliyobaki udongoni. Lakini maji yaliyoteremka kwa ufa hayakuugusa udongo huo sawasawa, kwa hiyo hesabu hutoka pungufu.

Njia nyingine ni kupima maji yenyewe visimani. Makutapora, penye visima vinavyoinywesha Dodoma, kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950. Akiba ile ya maji ya chini ya ardhi haijazwi na kila msimu. Hungoja mvua za kupindukia, mara nyingi za El Niño, na zile za 1997/98 ziliipandisha mno.

Walimu wa jiografia, fundisheni mbuga ya udongo kabla ya mbuga ya watalii.