Gorgonia, mnyama anayeishi kwa mwanga: Karatu anafugika?

Wadau, mkiangalia picha za matangi ya samaki kwenye mtandao mnaona vitu kama matawi ya mti vinacheza na maji. Hao ni gorgonia, jamii ya matumbawe. Je, mtu wa Karatu, mbali kabisa na bahari, anaweza kuwafuga nyumbani? Anaweza, ila kuna mambo ambayo ukiyakosea tu, mnyama anakufa. Haya, twende taratibu.

NI MNYAMA, SIYO MMEA
Tawi moja ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wengi, kila mmoja ana mikono minane. Baadhi ya gorgonia wana mwani mdogo mno ndani ya nyama yao. Mwani unatengeneza sukari kwa mwanga, mwenyeji anakula. Wengi wa aina hii wanatoka Karibiani (Eunicea, Plexaura, Muricea), na Rumphella anatoka Bahari ya Hindi na Pasifiki.

Angalia rangi. Wa kahawia, kijivu au zambarau iliyofifia, mara nyingi wanaishi kwa mwanga. Wale wekundu na njano ya kung'aa kwa kawaida hawana mwani, wanataka kulishwa kila siku. Wakikosa, nyama inaisha polepole mpaka unabaki uti mtupu. Wa kuanzia usiwaguse hao.

CHUMVI YA HUKU HAIFAI
Hapa ndipo mtu anaweza kuponzeka. Manyara, Eyasi na ziwa la Magadi kule kreta ya Ngorongoro yote yana chumvi, kwa hiyo mtu anadhani ndiyo hiyo hiyo. Siyo! Ile ni chumvi ya magadi, kama yale tunayotia kwenye maharage. Pichi ya maziwa hayo inapita 9, wakati bahari iko karibu na 8.1, na magadi yanaondoa kalsiamu kwenye maji. Matumbawe yanaihitaji kalsiamu hiyo, kiasi cha miligramu 400 kwa lita.

Chumvi ya jikoni nayo hapana. Inatakiwa chumvi maalum ya matangi ya bahari, gramu 35 kwa lita. Tangi la lita 100 ni kilo tatu na nusu. Maji ya visima vya ukanda huu wa Bonde la Ufa yanaweza kuwa na floridi na madini mengi, kwa hiyo yachujwe kwanza kwa mashine ya kusafisha maji au tumia ya mvua safi. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matamu tu, maana chumvi haikauki.

BARIDI
Watu wa Dar wanahangaika kupoza tangi, sisi ni kinyume. Karatu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mnaujua wenyewe. Gorgonia anataka nyuzi 24 hadi 26, kwa hiyo hita ni lazima. Umeme ukikatika, funika tangi kwa blanketi na uwe na pampu ya hewa ya betri.

MWANGA NA MKONDO
Taa iwake saa 8 hadi 10 kwa siku. Maji yazunguke kwa nguvu na kubadilisha mwelekeo. Kuna siku atajifunga na kuota utando kama nta. Usiogope wala usimtupe, anajichubua. Ongeza mkondo, baada ya siku kadhaa atafunguka.

USING'OE BAHARINI
Usimtume mtu akung'olee Tanga au Mafia. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995 kulinda hayo hayo, na mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi Afrika Mashariki. Tafuta vipande vilivyokuzwa kwenye matangi. Tawi likikatwa, likachunwa nyama kidogo chini na kugandishwa kwenye jiwe kwa super glue, linakuwa gorgonia mpya. Mmoja anatosha kuwagawia marafiki.

Anza na maji na hita kwanza. Tangi likitulia miezi kadhaa bila kuyumba, ndipo umlete mnyama. Ukimleta kabla ya hapo, unamleta kufa. Kazi kwenu!